Nifundisheje Utatu Mtakatifu darasa ambalo zaidi ya nusu ni Waislamu?

frateri_aliyerudi (Bagamoyo)

Habari zenu wakuu, na shikamooni kwa mlionitangulia.

Nina mwaka wa pili nafundisha chuo kimoja cha Kanisa hapa Bagamoyo. Jina liacheni, ugali wangu bado unatoka pale. Nilisoma seminari kuu, falsafa kisha teolojia, nikatoka kabla ya ushemasi kwa sababu ambazo mama yangu mpaka leo anazisalia novena. Somo langu ni Utangulizi wa Teolojia ya Kikatoliki, na ni la lazima kwa kila mtu: wa uhasibu, wa utalii, wa ualimu wa awali. Usipolifaulu huvai joho.

Darasa la sasa lina watu 41. Waislamu 24. Wakatoliki 9. Waliobaki ni Walutheri, Waanglikana, Msabato mmoja, na walokole wa makanisa ambayo majina yake nalazimika kuuliza mara mbili ndiyo niyaandike sawasawa. Ndiyo Bagamoyo yenyewe hiyo. Ukitoka misheni ukashika njia ya miembe, adhana inakupokea kabla hujafika mjini.

Mwaka jana nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi, yaani kana kwamba wote waliokaa mbele yangu ni mafrateri. Naingia, ishara ya msalaba, sala, kisha "sisi tunasadiki kwamba". Sisi nani? Hakuna aliyeuliza. Watoto wa pwani wana adabu, mwalimu akipotea njia wanamfuata kimyakimya mpaka kengele ilie.

Mwaka huu nimempata aliyeuliza. Tulikuwa kwenye Kanuni ya Imani, ile ya Nikea. Nimeandika ubaoni: "Aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Nikageuka. Binti mmoja wa safu ya pili, anasoma utalii, baba yake mvuvi, alikuwa ameacha kuandika. Kalamu kailaza juu ya daftari. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje: "Mwalimu, mimi tangu nikiwa chuoni kwa maalim nimefundishwa lam yalid wa lam yulad, hakuzaa wala hakuzaliwa. Hii sentensi nikiiandika kwenye mtihani kwa mkono wangu, nitakuwa nimeandika nini?"

Nikamwambia aandike tu, ni mtihani. Darasa likacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo jibu langu linanikera. Kwa Mwislamu kutamka ni jambo zito, mtu anaingia dini kwa kutamka shahada. Na kwetu ni hivyohivyo: mtu mzima akibatizwa anaulizwa kama anasadiki, na anajibu kwa mdomo wake, "nasadiki". Sasa mimi karatasi yangu ya mwaka jana (nimeitoa kabatini nikaisoma upya, nikaona aibu) ina swali hili: "Thibitisha kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu. Alama 20." Akilithibitisha kwa moyo ameacha dini ya mama yake. Akiliandika bila moyo, nimemfundisha kusema uongo kwa ajili ya alama 20.

Halafu kuna maneno. Huku kwetu dini hizi mbili zinachota kisima kimoja. Imani, dhambi, toba, rehema, neema, malaika, roho, nabii, ibada: haya yote yalikuwa yanatumika pwani kabla padre wa kwanza wa misheni hajashuka mashuani. Sisi tumeongeza yetu machache, padre kutoka Kireno, misa, sakramenti, Kwaresima, lakini uti wa mgongo ni uleule. Kwa hiyo mwanafunzi anadhani ameelewa, na mimi nadhani nimeeleweka. Nikisema "mitume", yeye anasikia Mtume Muhammad na waliomtangulia, mimi nina maana ya Petro na wenzake 11. Nikisema "neema" wanafikiria mwaka wenye mvua. Na hili la "Nafsi tatu" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtoto wa madrasa neno nafsi ameshalisikia: kila nafsi itaonja mauti. Sasa unamwambia Mungu ana nafsi tatu!

La tatu nalisema harakaharaka maana ni fedheha ya nyumbani. Wale Wakatoliki 9 ndio wanaojua kidogo. Mmoja, mwimbaji wa kwaya kabisa, nilimuuliza Utatu Mtakatifu ni nani na nani, badala ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu akanijibu: Yesu, Maria na Yosefu.

Nilichonacho nimesoma. Nostra Aetate, hati ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano ya tarehe 28 Oktoba 1965, inasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, inataja hata wanavyomheshimu Maria. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 748, inakataza kumshurutisha mtu aipokee imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Yohane Paulo II mwaka 1990, alipoandika juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, alitaka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Sawa. Sasa hapo swali la mtihani linaandikwaje?

Mkuu wangu anasema wamekuja wenyewe na wanajua chuo ni cha nani. Mwenzangu mmoja yeye ananishauri niachane na Utatu, nifundishe upendo, amani na kutunza mazingira. Hapo kidogo nakasirika. Kama ni upendo na amani, mwalimu wa uraia anatosha, mimi nirudi kwetu nikalime.

Wenye uzoefu, mnafanyaje? Nawasilisha.


sina_ya_mtu

Suluhisho jepesi mkuu: somo liwe la hiari. Ibara ya 19 ya Katiba, ile ya uhuru wa dini, ipo.


frateri_aliyerudi

Mtaala si wangu, mkuu. Ningekuwa na ubavu wa kuubadilisha nisingekuja kuomba ushauri humu. Jumatatu saa mbili nina kipindi.


mwl_mstaafu_Tanga

Marahaba kijana.

Mimi nilisoma shule iliyokuwa ya misheni huku Tanga, ikataifishwa na zenzake baada ya ile sheria ya elimu ya 1969. Kipindi cha dini tulikuwa tunatawanyika. Kengele ikilia, Waislamu na ustadhi wao darasa hili, RC na padre kule, Waanglikana chini ya mwembe, na huku kwetu Waanglikana si haba maana Magila ni kwao tangu enzi. Hatukugombana hata siku moja. Na hatukujua mwenzako anaamini nini hata siku moja. Nilikaa dawati moja na Mdigo mmoja miaka 4, tumeibiana kalamu, tumekula mihogo pamoja, na siku nimekaa kwenye nikaha ya binti yake, nimeshapita miaka 70, ndiyo mara yangu ya kwanza kumuuliza shehe kasema nini pale. Kwa hiyo usilalamike sana. Wewe unao wote chumba kimoja.

Nilifundisha historia. Nilifundisha ubeberu, ukabaila, Azimio la Arusha, na madai ya Wajerumani walipokuja kututawala. Hakuna mwanafunzi aliyeniambia "mwalimu, nikiandika sababu za Mjerumani nitakuwa Mjerumani". Kwa nini? Kwa sababu kila sentensi ilikuwa na mwenyewe. Dini si historia, hilo najua, usije ukanikalia kooni. Lakini jaribu jambo moja: juu kabisa ya ubao, kabla hujaandika chochote, andika LEO ANASEMA NANI. Leo anasema Mtaguso wa Nikea. Leo anasema Agostino. Leo anasema Luteri. Ukishaandika hivyo, hata wewe mwenyewe ulimi utajirekebisha, utaacha "sisi".

Na huyo wa Yesu, Maria na Yosefu mpeleke kwa katekista akaanze upya.


ustadhi_Makorora

Assalaam alaykum kwa wanaoijibu, na habari za jioni kwa wengine wote.

Nafundisha madrasa hapa Tanga, na asubuhi nafundisha hesabu shule ya serikali. Nimesoma swali la ndugu mara mbili. Kwanza, huyo binti maalim wake apewe hongera. Ameuliza swali la kifiq-hi, yaani la sheria ya dini, bila kujua, na jibu lake lipo. Wanazuoni wana kauli: naaqilul kufri laysa bi kaafir, mwenye kunukuu kufuru si kafiri. Qur'ani yenyewe imenukuu. Fungua Surat Tawba, aya ya 30, utakuta inasema Manasara, yaani Wakristo, wanasema Masihi ni mwana wa Mungu. Imamu anaisoma kwenye swala, maamuma wanasikiliza, na hakuna aliyetoka kwenye dini. Kinachomwokoa msomaji ni neno dogo tu, "wanasema". Sasa wewe kwenye swali lako, kwa kuweka "thibitisha", umemnyang'anya hilo neno. Mrudishie.

Pili, usitupunguzie chumvi. Nakuomba sana. Nimewahi kualikwa kwenye semina moja, mzungumzaji Mkristo akaanza: sote ni wamoja, Bibi Maryam ni wetu sote, tofauti ni majina tu. Ukumbi mzima wa Waislamu ukakunja uso, na yeye alidhani anatupendeza. Mtu wa pwani akiona unamtandikia mkeka laini namna hiyo anajiuliza, huyu anataka kuniuzia nini? Ni kweli Maryam ni mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani, sura ya 19 ni yake. Lakini hatumwombi, na mwanawe si Mungu kwetu. Sema hivyo darasani wazi. Mimi Utatu naukataa, na ukinialika nitakuja kuukataa kwa adabu, nikinywa chai yenu.

Tatu, kwa kuwa umeomba ushauri wa kazi. Usianze na Baba na Mwana. Neno "kuzaa" kwa Kiswahili lina uchungu wa leba ndani yake, ukianza nalo umeshawapoteza. Anza na Neno. Waulize watoto wa Kiislamu: maneno ya Mwenyezi Mungu yameumbwa au hayakuumbwa? Waliosoma watakuambia hayakuumbwa, na kama kuna mmoja amesoma zaidi atakutajia Imam Ahmad bin Hanbal, alivyofungwa na kuchapwa viboko zama za makhalifa wa Baghdad kwa kukataa kusema Qur'ani imeumbwa. Hapo watakuwa wameshajua kwamba mtu anaweza kuumia kwa ajili ya neno "kuumbwa". Ndipo uwaambie: Wakristo nao waligombana juu ya neno hilohilo, mwaka 325, huko Nikea, kuhusu Neno la Mungu. Kisha onyesha njia panda ilipo. Kwetu Neno lililoteremka ni Kitabu. Kwenu mnasema alikuwa mtu. Usiwaunganishie hiyo njia panda, waache waione.

Na huyo mwanakwaya wako usimcheke sana. Kwenye Surat Maida, aya ya 116, Isa anaulizwa na Mola wake kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu wawili. Wakristo wasomi hutuambia hakuna Mkristo anayeamini hivyo. Sasa leo nimemjua mmoja, tena anaimba kwaya.


dada_wa_Muheza

Ustadhi umenichekesha mpaka chai imemwagika.

Ila jamani na sisi tupo. Mimi ni mlokole, nilisoma chuo cha namna hiyo, si hapo Bagamoyo. Waislamu walikuwa wanaheshimiwa kama wageni. Sisi tulichukuliwa kama ndugu wa nyumbani tulioharibika. Mwalimu anasema "fungueni Yoshua bin Sira", natafuta, sina. Natafuta tena kwenye orodha, sina. Naambiwa "labda umekiacha nyumbani", darasa zima linaangua kicheko. Biblia yangu ina vitabu 66, ya kwao 73. Mpaka nahitimu nilikuwa najua Wakatoliki wameviongeza wao tu kwa kupenda. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia Wayahudi waliosoma Kigiriki walikuwa na mkusanyo mpana kuliko ule wa Kiebrania, na kwamba Luteri na wenzake walirudi kwenye ule wa Kiebrania. Dakika tano zingetosha.

Mambo madogo pia yanauma. Mnasema Kristu, sisi Kristo. Mnasema ufufuko, sisi ufufuo. Herufi moja, na ukisoma kwa sauti darasani watu wanageuka kukuangalia. Usisahihishe matamshi ya mtu, mwalimu, hilo nakuomba tu.

Na ile sala ya mwanzo. Mimi sipigi ishara ya msalaba. Miaka miwili nilikuwa nachelewa makusudi dakika tatu ili nisionekane nimekaa na mikono mapajani.


safu_ya_nyuma

Nimejiunga leo ili nijibu uzi huu tu.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Bagamoyo, sasa ni muuguzi mkoa mwingine. Somo kama lako nililisoma miaka kadhaa iliyopita, na swali la huyo binti lilikuwa langu, ila mimi sikuthubutu kuliuliza. Nilichofanya kwenye mtihani wa kwanza: kila sentensi niliianza na "Wakatoliki wanasema". Wakatoliki wanasema Mungu ni mmoja. Wakatoliki wanasema ana Nafsi tatu. Karatasi ilirudi na wino mwekundu, "ACHA KURUDIARUDIA", na alama 4 zimekatwa. Mtihani wa pili nikapata akili. Juu ya ukurasa niliandika sentensi moja: "Katika majibu yote yanayofuata naeleza mafundisho ya Kanisa Katoliki kama nilivyofundishwa." Halafu nikashuka bila wasiwasi, nikapata 81. Semista iliyofuata nusu ya Waislamu wa darasa letu walikuwa wanaandika sentensi ile, tulikuwa tunaiita bismillahi ya teolojia. Mwalimu, iweke wewe mwenyewe kwenye karatasi, ichapwe juu kabisa. Usimwachie mwanafunzi aibuni.

Kingine. Likizo ya Ramadhani baba aliomba kuona daftari zangu, alikuwa na kawaida hiyo. Akafika kwenye Utatu. Niliogopa! Akaniambia nieleze. Nikaeleza vizuri, mpaka kwa nini Kilatini wanasema persona na kwa nini si watu watatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe walipokuuliza, uliwajibu nini?" Nikamwambia hawakuniuliza. Akafunga daftari, akasema, "Basi bado hujamaliza kusoma hapo." Alikuwa seremala, hakwenda shule zaidi ya darasa la saba.


sina_ya_mtu

Ukiwauliza darasa linageuka mhadhara wa uwanjani. Tuliiona mihadhara ile na spika zake, Biblia mkono mmoja Qur'ani mkono mwingine. Mimi nimesema tu.


frateri_aliyerudi

Wakuu, wiki tatu zimepita, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa najaribu mlichonipa. Nitaeleza nilipofika.

Sala ya mwanzo nimeibadilisha. Nasema: dakika moja ya kimya, kila mtu na Mungu wake, mwenye ishara apige kwa nafasi yake. Dada wa Muheza, kuna kijana mmoja wa kilokole alikuwa anachelewa kila siku, nami nilikuwa namwandika kwenye rejesta kwa wino mwekundu. Sasa anawahi. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili mpaka niliposoma ujumbe wako.

LEO ANASEMA NANI ipo ubaoni kila kipindi. Mwalimu mstaafu, umesema ulimi utajirekebisha. Bado. Siku ya pili niliteleza nikasema "sisi", na Msabato akaninyooshea kidole ubaoni.

Swali la Neno niliuliza kama ustadhi alivyonielekeza. Lilikuwa la moto. Vijana wawili waliosoma sana madrasa walibishana wao kwa wao robo saa nzima, Wakatoliki 9 wanaangalia kama watu walioalikwa harusini bila kujua bwana harusi ni nani. Nilipoleta Nikea na Ario, yule padre ambaye mafundisho yake yalikataliwa pale, baada ya hapo, hakuna aliyelala. Nikawaeleza Ario alisema nini, kwamba kulikuwa na wakati Mwana hakuwepo, na kwa nini maaskofu wakaona hilo halikubaliki. Binti wa utalii akasema: "Kumbe Ario alikuwa karibu na sisi." Nikamwambia si hivyo kabisa, Ario alimwabudu Kristu. Akafikiri, akaandika. Hapo nikamwongeza jambo ambalo liliwapendeza sana wale wa madrasa: kwamba Tomaso wa Akwino, bingwa wetu wa karne ya 13, alimsoma Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, na kumtaja kwa jina, akimkubali hapa na kumpinga pale. Mmoja akauliza kama Ibn Sina naye anatoka kwenye mtihani.

Nafsi nimeihangaikia kipindi kizima. Niliandika neno ubaoni, nikawaambia kila mtu aseme analijua kutoka wapi. "Amejinyima nafsi." "Nafsi imeniambia." "Nafsi ya kwanza umoja", huyo alikuwa wa ualimu, anakumbuka sarufi! Na hiyo ya sarufi ndiyo iliyonisaidia kuliko vitabu vyangu vyote. Nafsi ya kwanza anayesema, ya pili anayeambiwa, ya tatu anayetajwa. Si vipande vya mtu, ni nani anasema na nani. Nikawaambia, mfano huu una mwisho wake, msiubebe mpaka nyumbani, lakini walau jueni kwamba waliochagua neno hili hawakuwa na maana ya nafsi ile itakayoonja mauti.

Jumamosi niliwatoa. Tulikwenda misheni kwa miguu, hadi kwenye mnara wa kanisa la zamani. Waliozaliwa hapahapa wengi hawakuwahi kuingia, wanajua tu ni kwa watalii. Nikawasimulia: Februari 1874 maiti ya Livingstone ililazwa hapa. Alikuwa Mprotestanti wa Scotland. Waliomleta ni watu weusi waliomtumikia, wamembeba miezi tisa kutoka kijiji cha Chitambo, na wakuu wao ni Chuma na Susi, na Susi jina lake Abdallah. Waliompokea ni mapadri Wakatoliki, Wafaransa. Nikawauliza hii ni historia ya dini gani. Badala ya kunijibu, kijana wa uhasibu akauliza, "Njiani nani alikuwa anamwombea?" Kwa bahati hilo nalijua: Chitambo kule, walipouzika moyo wake chini ya mti, aliyesoma sala ni Jacob Wainwright, aliyekuwa mtumwa akakombolewa.

Nikaendelea na habari za Mapadri wa Roho Mtakatifu, kufika kwao 1868, watumwa waliowakomboa, kijiji walichowajengea. Nilikuwa nimenogewa. Binti wa utalii akanyoosha mkono. "Mwalimu, na Sheikh Ramiya?" Nikamwambia aseme. Akasema yeye, si mimi, mbele ya mnara: kwamba Sheikh Yahya Ramiya naye aliletwa hapa mtumwa, kutoka Kongo, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya mwambao huu hadi alipofariki 1931, na kwao kila mwaka wanakwenda ziara. "Mnatuonyesha watumwa waliokuwa Wakristo tu," akasema. Hakusema kwa ukali. Mimi nimeishi mji huu, kaburi la mtu huyo nimelipita mara ngapi sijui, na kwenye notisi zangu hayumo. Juma lijalo yeye na wenzake wawili wana dakika 20 za kufundisha, na ubaoni juu tutaandika wanasema nani. Sina_ya_mtu, nakusikia kuhusu mihadhara. Nimeweka sharti moja: unaeleza ya kwako, huvunji ya mwenzako. Kama litaharibika nitakuja kukuambia.

Mkuu wangu hajafurahishwa na ile sentensi niliyoiweka juu ya karatasi ya mtihani. Aliuliza kama tunaona haya kuwa Wakatoliki. Nilimjibu, labda kwa haraka kidogo, kwamba kama sioni haya sina sababu ya kumlazimisha Mwislamu anisaidie kusadiki. Amesema tutaliongea tena. Sentensi imebaki kwa sasa.

Swali la Utatu nimeliandika upya hivi, nisomeeni kabla sijalipeleka kuchapwa:

"Eleza jinsi Mtaguso wa Nikea (325) ulivyotumia maneno 'aliyezaliwa bila kuumbwa' kumjibu Ario. (Alama 12.) Taja neno moja la Kiswahili katika Kanuni ya Imani ambalo Mwislamu wa Bagamoyo anaweza kulielewa vibaya, na ueleze Kanisa Katoliki lina maana gani linapolitumia. (Alama 8.)"


ustadhi_Makorora

Sehemu ya kwanza safi. Ya pili toa "vibaya", weka "kwa namna nyingine". Wengine tumelielewa vizuri kabisa, na bado tumekataa.


frateri_aliyerudi

Nimetoa. Mtihani ni Jumanne. Na ile chai karibu, ila siku ya mafunzo yao, usije siku ya mtihani.


safu_ya_nyuma

Huyo binti akimaliza dakika zake 20 tuandikie alisema nini. Nataka nimpigie baba nimweleze.